Mashine Iliyokwama Chini ya Mfenesi

Ggaba,
Kampala, Uganda.
25 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Khaemba,

Mulembe, mwana wa mama. Nakusalimu kwa jina la Bwana anayelinda, na ukifika mwisho wa barua hii utajua kwa nini nimeanza na neno hilo. Hali yako huko Kassel? Mgongo wako je, ule uliokusumbua majira yote ya baridi? Mkeo Moreen amepona jino? Na watoto, bado wanasema Kiswahili nyumbani au kimeshazama kabisa kwenye Kijerumani? Waambie shangazi yao anauliza, na anataka wamjibu wenyewe.

Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Cleopas yuko na duka lake la vipuri kule Kisenyi, na presha imemtulia tangu alipokubali kupunguza chumvi. Cherehani zangu za Nateete hazilali. Tunashona sare za shule mpaka vidole vinaota sugu. Mama nilizungumza naye Jumapili baada ya ibada. Anakula vizuri na kusikia vizuri, malalamiko yake ni viwavi tu, ambao mwaka huu wameingia kwenye mahindi mapema.

Utashangaa dada yako ameshika kalamu na simu ipo. Nilijaribu kukutumia ujumbe wa sauti, nikafika katikati nikaufuta. Nikajaribu tena, nikaufuta. Kuna mambo mtu akiyasema kwa haraka yanakuwa kama uongo. Na kwa kuwa rafiki yako Ulrich anarudi huko Ijumaa, nimeona nimkabidhi hii mkononi, kama yeye alivyonikabidhi ile mashine yako.

Nianze na mashine basi.

Ulipokuja Krismasi ulicheka ua wangu ukasema ni mkubwa kama uwanja wa shule, nami nikakucheka kwa kuwa nilidhani ni maneno tu. Mwezi wa pili Ulrich akaja na vifaa vyake vya mradi wa maji, na katikati ya mabomba akatoa sanduku lenye jina langu, na ndani yake mashine ya kukata nyasi inayojiendesha yenyewe. Tulipolifungua, Cleopas aliitazama ile mashine jinsi ilivyolala kama kobe, akauliza watoto wa kuichezea wako wapi. Mimi sikujua hata nianze na upande gani. Kukata nyasi ninakokujua ni fyekeo, jasho na mgongo.

Aliyetusaidia ni Tresor, fundi umeme Mkongo anayeishi hapa chini karibu na mwalo, wavuvi wanapoegesha mitumbwi. Alizunguka ua mzima akiutandaza ule waya wa mpaka na kuubana ardhini kwa vigingi vidogo: kando ya ukuta, kuzunguka maua yangu, kuzunguka shina la mfenesi. Akaijengea kibanda kidogo cha mabati pale inapochajia, jua lisiichome. Alipomaliza alisimama mikono kiunoni akasema, "Mama, sasa hii kitu inajua mpaka yake kuliko majirani."

Khaemba, asubuhi ya kwanza sikwenda kazini. Niliketi barazani na chai yangu, na chai ikapoa. Sijawahi kuona kitu kisicho na mama wala baba kikiamka, kikatoka nyumbani, kikaenda kazini, na kilipochoka kikarudi chenyewe kula. Hakikupiga kelele. Kilikwenda kikigusa ukingo wa maua, kikageuka kwa adabu, kikashika njia nyingine. Nyasi zilibaki nyuma yake kama zulia. Niliona haya kuwa ninatokwa na machozi kwa ajili ya nyasi, lakini nilikuwa namkumbuka baba akifyeka uwanja wa kanisa kule kwetu, shati limemganda mgongoni.

Otema, mlinzi wetu, ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Wewe unamkumbuka, yule askari mstaafu kutoka Gulu anayekaa getini. Nyasi zilikuwa zake kuzifyeka, na alidhani kobe huyu amekuja kumlia ugali wake. Nilimwambia kuwa bado sijaona mashine inayofungua geti na kujua mwizi kwa kumtazama viatu, akatulia. Siku mvua ilipoanza na mashine ikaacha kazi katikati, ikakimbilia kibandani, alikuja kuniita nione. "Mama," akasema, "hii masini inaogopa mvua kuliko mimi." Tangu hapo wakawa marafiki.

Usidhani nilikuwa nakaa kitako. Mashine yenyewe ina mama yake, na mama yake ni mimi. Kila Jumamosi naizima kwanza, kama ulivyonionya, ndipo naigeuza tumbo juu na kulisugua kwa brashi. Maji ya mpira sithubutu. Zile nyembe zake ndogo nazigeuza upande, zikiisha nazibadilisha. Za kwanza ziliisha upesi kwa sababu ya kokwa za mafenesi, kwa hiyo sasa kila asubuhi kabla haijatoka mimi huzunguka nikiokota. Sisimizi waliwahi kujenga ndani ya kituo cha kuchajia, ikakosa kula siku nzima. Umeme ukikatika inalala tu kama sisi sote. Wanawake wa kanisani walikuja baada ya ibada kuitazama, mmoja akavua viatu akatembea juu ya zile nyasi taratibu, akasema anajisikia kama yuko hotelini.

Mvua za mwezi wa nne zilikuwa nzito. Zilipopungua ndipo mambo yalipoanza.

Ile kona iliyo kati ya mfenesi na ukuta wa upande wa ziwa unaijua. Ndipo ulipoweka kiti chako Krismasi. Mashine ilianza kukwama pale. Mahali pengine popote ilipita, lakini ikifika pale gurudumu la nyuma lilizama kidogo, likazunguka bure, ikasimama. Simu yangu ikalia: mashine imekwama, inaomba msaada. Naenda, naibeba, naiweka mbali. Kesho yake, pale pale.

Nilifikiri ni magurudumu, nikayaosha matope yote kwa mswaki wa zamani. Ikakwama. Nilimwita Tresor akapima waya, akasema waya ni mzima. Otema alipapasa ardhi kwa mguu, akasema kuna fuko chini, wanachimba. Wote tukakubali kuwa ni fuko. Akaleta udongo, akamwaga pale palipobonyea, akaushindilia, tukapanda nyasi juu. Haukupita muda mrefu pakabonyea tena, duara kama sinia la wali. Na mashine ikifika ukingoni mwa lile sinia ikawa inasimama kabisa. Nilikuwa naitazama kutoka barazani, nikajikuta namwambia Otema kwamba mnyama asiyetaka kuvuka mto anafanya hivyo hivyo.

Sasa niache mashine kidogo, nikueleze jambo la binti yetu Whitney, kwa sababu hayo mawili yalikutana.

Unajua tulikuwa tunajiandaa kwa utambulisho wake, kwanjula kama wanavyoita hapa, siku ukoo wa kijana unapokuja kumwomba binti. Kijana ni Odyek, mhasibu, mtulivu, anayemsikiliza mtu mpaka mwisho. Baba yake ni Mzee Oryem, afisa wa polisi mstaafu wa kutoka Lira. Tulipanga wakwe waje Jumamosi iliyopita, hapa nyumbani. Cleopas, ambaye hajui kufanya jambo nusu, alipanga mahema mwenyewe. Na hema la wakwe, la heshima, alilipanga kwenye ile kona chini ya mfenesi, kwa sababu kuna kivuli na ziwa linaonekana juu ya ukuta. Mstari wa mbele angekaa Mzee Oryem, na kando yake mama yake mzazi, bibi Amony, ambaye hatembei ila kwa mkongojo.

Nilimwambia pale ardhi ni laini, mashine inazama. Nikamwomba ahamishe hema. Alikuwa na mengi kichwani, na duka lilikuwa limemchosha. Akaniambia, "Nanyama, wageni wangu hawatapangiwa viti na mashine." Nikaona si neno la kugombania wiki ya furaha ya mtoto, nikaliacha. Jumatano jioni akachukua nyundo akaenda mwenyewe kupigilia vigingi vya kuonyesha pembe za hema. Nilisikia mapigo ya ile nyundo nikiwa jikoni.

Alhamisi asubuhi niliitoa mashine ipite kwa mara ya mwisho kabla watu wa mahema hawajafika. Whitney alikuwa ndani anasukwa nywele. Mimi nilikuwa barazani nachambua mchele. Nikasikia simu inalia, na sikuwa na haja ya kuisoma. Nikainuka na ndala zangu, nimekasirika kidogo, nikaenda kuibeba kama kawaida.

Ilikuwa imesimama pale katikati ya sinia, kichwa kimeinuka. Nilikuwa nimebakiza hatua chache tu. Khaemba, ardhi haikutoa kishindo. Ilitoa sauti kama mtu anayeshusha pumzi. Mashine ikainuka kichwa zaidi, kama inayotazama juu, halafu haikuwapo tena. Mbele yangu palikuwa na shimo jeusi, na nyasi zimening'inia ukingoni kama pindo la kitambaa kilichochanika.

Nikasikia sauti ya Otema nyuma yangu, ya chini kabisa, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mama, simama. Hapana geuka. Rudi nyuma pole pole. Kanyaga pale ulikanyaga."

Alijifunza kutembea hivyo vitani, kwenye njia zilizotegwa mabomu. Nikarudisha mguu mmoja, nikarudisha wa pili, naye ananielekeza kama mtoto: hapo, kidogo kushoto, hapo. Nilipomfikia alinishika mkono akanivuta hadi kwenye ngazi za baraza.

Yeye alichukua ubao mrefu, akaulaza chini, akajilaza juu yake kifudifudi, akatambaa hadi ukingoni. Alikaa muda mrefu akitazama. Aliporudi alisema ni choo cha shimo cha zamani. Kilikuwa kimefunikwa kwa magogo, magogo yameoza, juu yake udongo, juu ya udongo nyasi. Akasema chini kabisa kuna taa ndogo inawaka na kuzima.

Ilikuwa mashine. Ilikuwa hai kule chini gizani, inalia ule mlio wake. Na simu mfukoni mwangu ikalia tena maneno yale yale ya kila siku, kwamba imekwama, inaomba msaada. Niliishika ile simu kwa mikono miwili. Khaemba, sijui nikuambieje. Nilihisi vile nilivyohisi mara moja tu maishani, siku Whitney alipozaliwa kimya halafu akalia.

Cleopas alikuja kwa bodaboda kutoka Kisenyi. Alikuta watu wa mahema wamesimama barabarani na vyuma vyao, hakuna aliyetaka kuingia. Alikwenda hadi pale Otema alipofunga kamba, akatazama. Vigingi vyake vitatu vilikuwa bado vimesimama. Cha nne hakikuwapo. Alikipigilia kwa mkono wake jioni iliyotangulia, amepiga goti moja juu ya zile nyasi. Akavua kofia. Alibaki pale ameishika kifuani.

Jirani mmoja mzee alikuja akatueleza kwamba zamani, kabla ya nyumba yetu kujengwa, palikuwa na vyumba vya wapangaji pale, na choo chao kilikuwa kona hiyo. Aliyetuuzia huenda naye hakujua. Hatukumtafuta wa kulaumu. Tuliuliza tu kama kuna kingine, akasema ni hicho kimoja.

Kuahirisha hatukuweza, watu wa Lira walikuwa wameshaanza safari. Tulizungushia mabati kona yote, tukaihamishia shughuli upande wa geti. Tulibanana. Hema la wakwe liligusana na letu mpaka mashangazi wa pande mbili wakawa wanapokezana watoto.

Wakwe walipoingia, Mzee Oryem aliyaona yale mabati. Polisi ni polisi hata akistaafu. Alimvuta Cleopas pembeni akamuuliza kuna nini, naye Cleopas akamweleza yote bila kuficha, hata lile neno lake la viti na mashine. Wakaenda pamoja nyuma ya mabati. Niliwaona wakirudi sambamba, mkono mmoja wa mkwe wangu uko begani kwa mume wangu. Wakati wa msemaji wao kuanza ulipofika, Mzee Oryem aliinua mkono kumsimamisha. Akawaambia watu wake viti vyao vilikuwa vimepangwa wapi, na juu ya nini. Kisha akasema, "Ndugu zangu, leo ilikuwa iwe siku ya kulia. Kabla ya kuomba binti, tushukuru."

Watu wote wakasimama. Sala ilisemwa Kilango, ikasemwa Kiswahili, na shangazi yetu wa Webuye akaimalizia Kibukusu, na nadhani Mungu hakuhitaji mkalimani. Bibi Amony alimwita Whitney karibu. Hawana lugha moja ya kutosha wale wawili. Alimshika mkono tu, na hakuuachia kwenye hotuba, wala kwenye chakula, mpaka Odyek akawa anawalisha wote wawili kwa sahani moja. Ndivyo binti yetu alivyopokelewa, Khaemba. Sijaona utambulisho mzuri kama ule.

Jumatatu Tresor alikuja na kamba na kulabu, wakaivua mashine yeye na Otema. Kifuniko kimepasuka na gurudumu moja limevunjika mhimili. Ameiosha kwa dawa, akatoa betri na kuiweka nje juu ya saruji, mbali na kila kitu, kwa kuwa hajui imeumia ndani au la. Niandikie unavyoona wewe fundi. Kama inaponyeka, nitaitunza. Kama haiponyeki, sitaitupa.

Nimefikiri sana juu yake. Sitaki kuwa kama wale wanaosema mashine ina roho. Haikujua lolote. Ilikuwa inafanya kazi yake, ikaona uzito na utelezi, ikasimama. Nasi tulikuwa na macho, na miguu, na akili, tukasema ni fuko.

Leo asubuhi malori yameleta mawe na kifusi cha kulijaza lile shimo. Kabla hawajaanza kumwaga, Cleopas aliwaomba wasubiri. Aliokota jiwe moja, kubwa kiasi cha kujaza mikono yake miwili, akatambaa juu ya mbao, akaliachia. Tukasikiliza. Madereva walikuwa wamezima injini. Tulisikiliza, tukasikiliza, mimi nikadhani nimelikosa, ndipo likafika chini. Cleopas alirudi kwenye nyasi, akajipangusa magoti, akaja akasimama karibu nami mpaka bega lake likagusa langu. Akasema, "Mwandikie mdogo wako." Nikaingia ndani nikatafuta karatasi.

Msalimie Moreen sana, mwambie Whitney anamtaka awepo siku ya harusi yenyewe bila visingizio. Wabusu watoto. Otema anakusalimu, na Tresor, na shemeji yako anayekusalimu kuliko wote ingawa hajui kuziandika salamu zake. Mama nimeshamweleza kwenye simu, akasema jina lako kama anayeshukuru.

Mungu aliyeshika ardhi chini ya miguu yetu aishike na chini ya yako huko ulipo, ulale salama, uamke salama.

Mimi dada yako, ninayekupenda leo kuliko jana,

Nanyama